Tramu ya 506 na matatu ya Kakamega

Kila mgeni kutoka nyumbani anayenitembelea Toronto nampandisha tramu nambari 506. Nauli moja inatosha saa mbili, kwa hiyo tunashuka na kupanda tutakavyo. Tunaanzia kwa Waitaliano mtaa wa College, tunapita maduka ya Wachina pale Spadina, na mashariki, Gerrard, tunawakuta Wahindi na Wapakistani. Wakati wa joto huko huuzwa mahindi ya kuchoma yaliyopakwa ndimu na pilipili, nami hula nikikumbuka Kisumu.

Miaka tisa nimezunguka hivyo na ninaupenda mji huu kwa dhati. Hakuna anayeniuliza mimi ni wa nani. Nalipa, nashukuru, naondoka.

Agosti iliyopita nilikuwa nyumbani. Mimi ni mtoto wa Manyatta, mtaa wa Kisumu, na barabara ya kwenda Kakamega nilikuwa naijua kupitia dirishani tu: Mamboleo, Kiboswa, Majengo, Mbale, Chavakali. Shuleni tulipelekwa Mombasa kuona bahari. Kupelekwa kwa majirani, mwendo wa kilomita hamsini hivi, hakuna aliyewaza. Basi nikaamua kuisafiri barabara hiyo jinsi ninavyosafiri na 506. Hapo niseme wazi, Toronto inatushinda: kwetu ukishuka nauli imeisha, na kila kituo unatoa pesa upya.

Kiboswa ni mpakani mwa Kisumu na Vihiga, na sokoni mpaka huo huuoni. Mama mmoja muuza ndizi alimjibu mteja kwa Kijaluo, akamkaripia kijana wa mkokoteni kwa Kimaragoli, kisha akanigeukia kwa Kiswahili, yote kabla hajamaliza kukata chana moja. "Kwenu ni wapi?" Nikamwambia Manyatta, ila asili yetu ni Seme. "Seme! Mwanangu wa kwanza ameoa huko. Wewe ni shemeji, kaa hapa." Nikaletewa kigoda na chai, na kulipa nikakatazwa. Hata mechi ya Gor Mahia, timu ya Wajaluo kama sisi, na AFC Leopards ya majirani zetu Waluhya tunaiita ya mashemeji, lakini siku hiyo ndipo nilipolisikia neno lenyewe likiniita mimi.

Najua swali la "kwenu ni wapi" lina sura nyingine. Mwanzoni mwa 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, liliulizwa kwenye vizuizi vya barabarani, na jibu lako liliamua kama utafika ulikokuwa ukienda. Wengi wetu tulio ng'ambo tunafurahia kutoulizwa, na simlaumu yeyote. Lakini yule wa kizuizini aliuliza apate kukufukuza. Mama wa Kiboswa aliuliza apate pa kunikalisha. Kwa kuogopa swali la yule wa kwanza tumejinyima la huyu wa pili, na vijana wetu wa Kisumu wanaijua Dubai kwenye simu kuliko wanavyoijua Mbale.

Chavakali niliiacha barabara kuu nikaelekea Kaimosi. Kanisa la Marafiki, wanaoitwa Quaker, lilifika huko kutoka Marekani mwaka 1902, na leo hakuna nchi yenye waumini wake wengi kuliko Kenya. Toronto niliwahi kuketi nao ibadani: saa nzima ya kimya, mtu anasimama tu akisukumwa na neno. Kaimosi niliwakuta wakiimba hadi madirisha yanatetemeka. Ni kanisa lile lile. Nilisimama mlangoni nikiwa na machozi, na mzee mmoja akanishika mkono, akasema "Mulembe", salamu ya Waluhya ya amani, akanisogeza kwenye benchi.

Ilesi nilipita jioni. Kando ya barabara vyungu vilikuwa vimepangwa, na nyuma yake lile jiwe refu linalolia, maji yakichuruzika kama machozi. Kakamega niliifikia giza limeshaingia, safari ya saa moja na nusu nikiwa nimeimaliza kwa siku nzima.

Desemba nawaleta wanangu, waliozaliwa huku na wanaoijua 506 kituo kwa kituo. Nataka tupite Kakamega tufike Mumias, kwenye mji wa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, ambako misafara ya Waswahili wa pwani ilipiga kambi na kuacha dini na lugha hii ninayoandikia. Sina mtu huko. Mama wa Kiboswa, nilipomwambia kwa simu, alisema dadake ameolewa Mumias na atampigia aandae vitanda.