Mfuko wa Kuzikana Uanze Kazi Mtu Angali Hai

Katika mitaa ya Dar es Salaam, mtu akifariki alfajiri, ifikapo saa sita mchana turubai limekwisha kufungwa, viti vimepangwa, masufuria ya chama cha kuzikana yametolewa stoo na daftari la rambirambi liko mezani. Kina mama wanachambua mchele, vijana wamekwenda makaburini, na mweka hazina anatoa fedha ya sanda au jeneza bila kusubiri kikao. Hayo yanafanywa na watu ambao wengi wao hawana mshahara wa uhakika, katika jiji ambalo Sensa ya 2022 ililihesabu kuwa na wakazi 5,383,728, ambamo jirani yako anaweza kuwa ametoka mkoa wowote na anasali dini yoyote. Nauheshimu sana utaratibu huo, na kwa sababu nauheshimu ninaumia ninapofikiri kwamba familia ileile tunayoifungia turubai leo huenda imekaa miezi miwili ikila mlo mmoja kwa siku, nasi tukipita mlangoni pake na kusalimia.

Siamini kwamba tatizo ni roho mbaya. Kifo hakifichiki, hakisingiziwi, na katika nyumba moja hakiji kila wiki, kwa hiyo chama kinaweza kukadiria gharama zake na kuziandikia kanuni. Njaa hurudi kesho yake, haina cheti, na mwenye nayo huificha kwa kuwa tumemfundisha kuiona aibu. Watu husema wamepiga “pasi ndefu”, yaani wamekunywa chai asubuhi na hawatakula tena hadi usiku, kisha wanacheka, na kicheko hicho kinatuondolea wote wajibu wa kuuliza swali la pili. Wahenga waliosema adui mwombee njaa walijua ukubwa wa adhabu hiyo. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 ulionesha kwamba asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara waliishi chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, na asilimia 8 chini ya mstari wa umaskini wa chakula. Watu hao wana majirani.

Kwa mpangaji, njaa huja pamoja na kodi ya chumba. Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hudai kodi ya miezi sita, wengine ya mwaka mzima, kwa mkupuo mmoja. Chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi kinamtaka mtu awe na shilingi 300,000 mkononi kwa siku moja, na akihama anamlipa dalali kodi ya mwezi mmoja juu yake. Mama lishe, kibarua wa saiti au kijana wa bodaboda ya mkataba hupata fedha yake kwa siku, kwa hiyo ili aifikie hiyo laki tatu huanza kupunguza chakula nyumbani mapema, na mtoto akiugua au mvua ikisimamisha kazi, anaingia kwenye mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu, ambayo rejesho lake halijali kama siku hiyo ameuza au hakuuza. Hivyo ndivyo mtu mwenye kazi na nguvu zake anavyofikia siku ya kukuta kufuli jipya mlangoni, vyombo vikiwa uani. Hawi mtu wa kulala barazani siku hiyohiyo. Kwanza watoto hugawanywa kwa ndugu, mama huenda kwa dada yake, baba hujibanza sebuleni kwa rafiki, na kwa kuwa hakuna aliyeonekana barabarani, mtaa hauhesabu kwamba kuna nyumba iliyovunjika.

Serikali ina deni hapa. Sheria ya kudhibiti kodi za pango ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo muda wa malipo umebaki kwenye maelewano ambayo mwenye shida hana nguvu ya kuyajadili. Ningependa kuona kodi ya mwezi kwa mwezi ikiwa haki ya kisheria, lakini mtu ambaye kodi yake inaisha mwezi ujao hawezi kulisubiri Bunge.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali. Mpango wake wa Kunusuru Kaya Maskini umezifikia kaya zaidi ya milioni moja, nao katika kipindi cha pili kilichozinduliwa mwaka 2020 ulilenga vijiji, mitaa na shehia zote, na ninauunga mkono bila kusita. Hata hivyo, utambuzi wake huanzia kwenye mkutano wa hadhara, ambako wakazi hutaja kaya wanazozijua, na mpangaji aliyehamia mwaka jana ni rahisi kusahaulika. Tena huyu ninayemzungumzia huenda asihesabiwe kuwa maskini hata kidogo, kwa sababu ana simu, ana kazi, na amekwama kwa wiki tatu tu. Misikiti hugawa zaka na futari, jumuiya ndogo ndogo za Kikristo hupeleka unga na sabuni kwa wagonjwa, na yote hayo yaendelee, ila mengi hufuata msimu au uanachama wa imani.

Chama cha kuzikana kiko hapohapo mtaani mwaka mzima. Kina katiba, kina mweka hazina aliyekwisha kupimwa na wenzake, na hakibagui dini. Vikundi vingi vya kuweka na kukopa navyo vina mfuko wa jamii unaotolewa kwa ugonjwa na msiba bila kudai rejesho. Pendekezo langu ni kwamba katika katiba hizo kiongezwe kipengele cha chakula na kodi, nacho kihusu mkazi yeyote wa eneo, awe mwanachama au asiwe. Kodi ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba, nusu yake, mara moja kwa mwaka kwa kaya moja, na mjumbe wa shina awe shahidi. Kwa chakula, anayeona njaa kabla ya watu wote ni mwenye duka, ambaye anajua ni nyumba gani iliyokuwa ikinunua kilo mbili za unga na sasa inatuma mtoto kununua robo, na daftari lake la madeni linasema mengi kuliko fomu yoyote. Chama kikubaliane naye, kilipie deni la nyumba hiyo, na ndani ya chama jina lijulikane kwa watu wawili tu, mweka hazina na katibu.

Hofu kwamba watu watadanganya ni ya haki, na watakuwapo watakaodanganya. Kiwango kidogo na malipo yasiyopitia mkononi mwa mwombaji vitapunguza sehemu kubwa ya udanganyifu huo. Hofu ya kuzoeza watu kuomba naiona nyepesi zaidi, kwani sijamjua mzazi anayefurahia kueleza kwamba hana kitu jikoni.

Mkutano mkuu wa chama chetu ukifika nitaomba kipengele hiki kijadiliwe, kwa mchango wa nyongeza wa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila mwanachama. Chama cha watu 60 kitapata shilingi 720,000 kwa mwaka. Kwa vyumba vya bei niliyoitaja, hiyo ni nusu ya kodi ya miezi sita kwa kaya nne, na shilingi 120,000 zinabaki za kulipia unga na maharage dukani.