Uwanja hufurika, watu humiminika

Wiki iliyopita nilikuwa natafsiri taarifa fupi kuhusu mji mmoja wa mpakani, nikakwama kwenye sentensi ya kwanza. Mwandishi alisema mji umekuwa "inundated", yaani kama umefunikwa na maji, na wakimbizi. Mwenzangu wa zamu akachungulia, akasema, "Weka mafuriko ya wakimbizi, twende." Kusema kweli nimeshaandika hivyo mara nyingi. Siku hiyo mkono ukagoma.

Uligoma kwa sababu ya swichi ya taa. Desemba 2011 mvua ilipoipiga Dar es Salaam siku tatu mfululizo, Mto Msimbazi uliingia hadi ndani ya nyumba ya mama mkubwa, bondeni. Tulipofika kumsaidia, maji yalikuwa yameshashuka, lakini ukutani yaliacha mstari wa tope ulionyooka kama umepigwa kwa rula, shubiri moja juu ya swichi. Godoro lilikuwa zito, watu wanne tulishindwa kulinyanyua. Vyeti vya watoto vilipona, maana alivifunga kwenye mfuko wa rambo akavining'iniza kwenye kenchi kabla ya kutoka. Hayo ndiyo mafuriko ninayoyajua. Baadaye wengi wa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande, na sikumbuki mtu yeyote wa huko akisema amepata mafuriko ya watu wa bondeni. Ilisemwa tu kwamba wamekuja waathirika wa mafuriko. Maji yaliitwa maji, na watu wakaitwa watu.

Neno lile la Kiingereza lina mizizi ya Kilatini, na ndani yake mna *unda*, yaani wimbi. Kwa hiyo hata linapotumika kwa mafumbo, kama mtu kuzidiwa na barua, simu au maombi ya kazi, picha yake ni ileile: kitu kinatoka nje, kinakujia, kinakufunika. Aliyefunikwa ndiye wa kuonewa huruma. Kinachokuja hakina sura.

Kufurika kwa Kiswahili hakuko hivyo. Sikiliza tunavyosema: mto umefurika, kisima kimefurika, uwanja umefurika watu, moyo umefurika furaha. Kinachofurika ni chombo kilichopita kipimo chake. Ni ndugu wa kufura, kuvimba. Tunaposema Uwanja wa Mkapa umefurika siku ya Simba na Yanga, hatujawaita mashabiki maji. Tumesema uwanja umewaishia nafasi. Ndiyo maana "nimefurikwa na meseji" hunikwaruza sikio. Meseji zimenizidi. Kazi zimenielemea. Maji yamenifika shingoni, kama ni lazima maji yawepo.

Neno lililo karibu zaidi na lile la Kiingereza ni gharika. Asili yake ni Kiarabu, kwenye mzizi wa kuzama, na bado tunasema mtu au chombo kimeghariki. Biblia yetu ililichukua kwa maji ya Nuhu. Kurani, kwa maji hayohayo, ina neno tufani, ambalo sisi wa pwani tumelipeleka kwenye upepo na dhoruba. Nalipenda sana jambo hili: neno moja limevuka bahari likabadili kazi, na hakuna aliyelilazimisha. Ila gharika ni neno zito. Ukiliweka kwenye habari ya wakimbizi, umeshamwambia msomaji kwamba dunia ya mwenyeji inaangamia.

Najua nitakumbushwa 2015. Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani wa Tanzania, alipohamia chama cha upinzani cha CHADEMA na kugombea urais kwa mwavuli wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, mikutano yake yenyewe iliitwa mafuriko, na msemo kwamba huwezi kuzuia mafuriko kwa mikono ukawa midomoni mwa kila mtu, kuanzia kwenye daladala. Ni kweli, pale watu waliitwa maji. Lakini walijiita wenyewe, kwa kujivuna, wakihesabu nguvu zao. Mtu akijiita simba, hilo si ruhusa ya wewe kumwita mnyama.

Tena mafuriko yenyewe, kwa wanaoishi nayo, hayakuwa balaa tupu. Wakulima wa bonde la Rufiji wana kilimo cha mlau: maji ya mto yakishapungua, wanapanda kwenye udongo ulioachwa na unyevu na rutuba mpya. Zamani familia zilikaa shambani kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, maji yakipita chini. Mwaka ambao mto haukutoka ulikuwa mwaka wa kuhofia njaa. Aprili 2024 mto huohuo ulifunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, watu wakahama na walichoweza kubeba. Neno lenye kumbukumbu zote hizo, za mavuno na za msiba, tunalibana likae na maana moja tu iliyotoka kwenye kamusi ya wengine: kero inayokuja kwa wingi.

Na tuna vitenzi vya kutosha. Watu humiminika. Hufurika barabarani, sawa, lakini pia husongamana, hutiririka, huja makundi kwa makundi. Bidhaa hujaa sokoni. Malalamiko hurundikana. Kila kimoja kinakulazimisha uangalie ni nini hasa kilichotokea, na hapo ndipo tafsiri inapoanza kuwa kazi.

Nikarudi kwenye taarifa yangu, nikasoma aya zote badala ya ile ya kwanza. Kwenye aya ya tano waliandika kilichopungua mjini. Nikaipandisha juu: "Wakimbizi wamekuwa wakimiminika mjini tangu Jumatatu, na maji ya kunywa hayatoshi."