Mustang ya 1969 ina cheti, Noah yetu ina dalali

Jumamosi iliyopita, kwenye maonyesho ya magari ya zamani hapa Michigan, mzee mmoja alinifungulia boneti ya Ford Mustang yake ya mwaka 1969, toleo la Mach 1. Kabla sijaitazama injini, akanikabidhi karatasi iliyotiwa kwenye fremu kama picha ya harusi. Wanaiita ripoti ya Marti, na inatokana na kumbukumbu za Ford zenyewe. Inasema gari liliagizwa lini, lilitoka lini kiwandani Dearborn, wakala gani alilipokea na liliuzwa lini, hadi rangi na giaboksi. Mwaka ule Ford walitengeneza magari 72,458 ya Mach 1, na mzee anaijua yake moja tangu siku ya kwanza.

Nilipata wivu, na wivu wenyewe ulikuwa wa karatasi.

Maana mnajua tunavyonunua kwetu. "Gari ya mama, alikuwa anaendea kanisani tu." "Ya daktari hii, mkono wa kwanza." Kila IST inayouzwa Dar ilikuwa ya daktari, halafu tunalalamika hospitali hazina madaktari.

Najua mshaanza: huyu kapanda ndege juzi, leo anatufundisha magari. Tulieni. Mimi mwenyewe naendesha Corolla iliyobonyea mlango. Na hao Wamarekani msiwadhanie malaika. Wapo wanaosaga namba ya injini na kugonga nyingine. Wapo wanaoichukua Chevrolet Camaro ya kawaida wakaibandika nembo za Z/28, toleo lake la mbio, kwa sababu mwaka 1967 Z/28 zilitoka 602 tu na bei yake inajulikana. Kumbukumbu za kampuni ya Pontiac zimebaki kuanzia 1961, lakini za Chevrolet za miaka hiyo nyingi zilipotea, kwa hiyo utamkuta mtu mzima na heshima zake kalala chini ya gari akitafuta karatasi ya kiwandani iliyosahaulika juu ya tangi la mafuta. Wala viwanda havikuandika kwa mapenzi. Viliandika ili wakala adaiwe hela yake.

Ila waliandika hata aibu. Fred Gibb, muuza magari wa La Harpe, mji mdogo wa Illinois, aliagiza Camaro 50 za toleo la ZL1 za mwaka 1969, zile zenye injini ya alumini tupu iliyolengwa kwa mashindano. Bei ilipokuja ikamshtua kila mtu: zaidi ya dola 7,200 kwa gari moja, wakati huo Camaro mbili za kawaida zilipatikana kwa hela hiyo. Hazikuuzika. Nyingi zikarudishwa na kugawiwa mawakala wengine, na zote kwa jumla zilitengenezwa 69. Plymouth Superbird ya 1970, gari lenye pua iliyochongoka na bawa refu nyuma, nayo ilidoda mpaka baadhi ya mawakala wakaing'oa pua na bawa ili iondoke uwanjani. Leo magari hayohayo yaliyokataliwa yanagombewa minadani, na anayenunua anauliza kwanza makaratasi.

Sasa kinachonikera ni kwamba sisi karatasi tunazo! Gari lililopita mnadani Japani lina karatasi ya mnada: alama lililopewa, kilomita lilizotembea, na mchoro wa bodi unaoonyesha kila mkwaruzo na kila mbonyeo. Mjapani kaandika kila kitu. Inafika yadi, karatasi haionekani, na laki na nusu za dashibodi zimegeuka elfu sitini. Wamarekani wanatambaa chini ya tangi kuitafuta ya kwao. Ya kwetu tunaichana wenyewe.

Kuna atakayejibu kwamba karatasi hailiwi, yeye ana fundi wake pale mtaa wa Gerezani, Dar, na anamtosha. Hapo nakubali, tena kwa kujivunia. Fundi wa Gerezani akigonga bodi kwa kidole anakwambia puti ilipo, akitazama bolti za boneti anajua zimeshafunguliwa. Huku watu wanalipa wataalamu kwa kazi hiyohiyo. Lakini anachokijua fundi anaondoka nacho. Atakayenunua baada yako anaanza upya, na dalali naye anaanza upya na daktari wake.

Na tafadhali, asije mtu na habari ya umaskini. Kutunza karatasi moja kwenye bahasha hakuhitaji bajeti ya Ford.

Mdogo wangu anauza Noah yake, nami karatasi yake ya mnada ninayo kwenye simu tangu ilipoagizwa. Nimemwambia aibandike kwenye tangazo, alama mbaya na zote. Anasema nitamfukuzia wateja, na kwamba jirani yake aliuza kama hiyo kwa maneno matupu ndani ya wiki. Jana tumebishana mpaka salio likaisha. Tangazo tayari kalirusha: "Haijawahi kuguswa, ilikuwa ya mwalimu."