Kifo cha mtoto wa rufaa kihesabiwe kwa nani?

Mtoto wa Kyela anashikwa na malaria kali. Siku mbili anatibiwa nyumbani. Ya tatu anafikishwa hospitali ya wilaya viganja vimekuwa vyeupe, damu imepungua mno. Anapewa rufaa. Gari linapanda milima ya Tukuyu usiku, linafika Mbeya, na saa mbili baadaye mtoto anafariki. Kifo kinaandikwa Mbeya. Kule alikotoka rejista inasema "rufaa", basi.

Ndiyo maana madaktari na manesi wengi hawataki hospitali zipangwe, ya kwanza hadi ya mwisho, kwa idadi ya vifo vya watoto, nami nawaelewa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda inapokea waliozidiwa kutoka mikoa kadhaa. Kwenye wodi ndogo, vifo viwili tu vinaweza kugeuza asilimia ya mwezi mzima. Kuna hatari mbaya zaidi: anayeogopa takwimu ataharakisha kumpa rufaa mtoto ambaye angeweza kumtibu.

Lakini kutolinganisha kabisa nako kunaua. Pale Bristol, Uingereza, watoto waliopasuliwa moyo walikuwa wakifariki kwa wingi kuliko kwingineko, na daktari wa usingizi, Stephen Bolsin, alipopiga kelele hakusikilizwa kwa miaka. Ripoti ya tume ya uchunguzi, mwaka 2001, ilikadiria kwamba kati ya 1991 na 1995 watoto 30 hadi 35 wa chini ya mwaka mmoja walikufa zaidi ya ilivyotarajiwa. Takwimu zilikuwepo. Wazazi hawakuonyeshwa.

Kwetu Tanzania, kuanzia 2015/16 serikali ilizipa zahanati, vituo vya afya na hospitali za ngazi ya wilaya nyota za ubora, 0 hadi 5. Hatua nzuri, naiunga mkono. Ila nyota inajumlisha mambo mengi, na mama mwenye mtoto anayehema kwa shida saa nane usiku hawezi kujua kwa nyota kama mtungi wa oksijeni una kitu ndani.

Mimi ningepima saa ya kwanza. Mtoto alifika saa ngapi, nani alimtazama, saa ngapi? Alibanwa kipimo cha oksijeni kidoleni? Ikisoma chini ya asilimia 90, alipewa oksijeni baada ya dakika ngapi? Mwenye degedege alipimwa sukari? Maswali haya hayamwonei anayepokea wagonjwa mahututi, maana yanauliza alichofanya yeye, awe amepokea nimonia ya baridi ya Makete au malaria ya Kyela.

Vifo navyo vihesabiwe, ila kwa kumfuata mtoto mwenyewe: wa rufaa aandikwe pande zote mbili, pamoja na saa alizokaa kila mahali. Na yule aliyechukuliwa na ndugu zake kabla ya ruhusa, akafia nyumbani, atafutwe. Leo hii kwenye daftari la wodi anaonekana ameondoka tu.