Dakika Tano Tu

Mimi ni msahaulifu wa daraja la kutafuta miwani huku nimeivaa. Siku mke wangu alipochoka kunikumbusha mambo alisema, "Kalenda si imo humo simuni? Ijaze, ikukumbushe yenyewe. Mimi nimestaafu."

Nikajifunza kuifanya Kalenda ya Google initumie ratiba ya kila siku. Kazi yenyewe ndogo, ila kwenye programu ya simu mpangilio huo sikuuona. Ilibidi nifungue kompyuta. Unaichagua kalenda yako, unashuka kwenye arifa, na penye "ratiba ya siku" unaondoa "hakuna" unaweka "barua pepe". Kila alfajiri, kwenye saa kumi na moja hivi, inakuletea mambo yote ya siku hiyo. Nilivyofurahi! Wikiendi hiyohiyo nikaenda ukweni na kompyuta yangu, nikawaita mmoja mmoja kama daktari wa macho. Tulikuwa na kalenda ya familia, ya zamu za kumpeleka babu kliniki. Nikawawekea wote ratiba ya kila siku. Nikawawekea pia barua pepe kila tukio linapofutwa, tusije tukamsumbua mzee bure. Wakanisifu sana. Mimi mwenyewe kwenye kalenda hiyo ya familia sikujiwekea barua yoyote. Mganga hajigangi.

Usiku nikaanza kujaza ya kwangu. Sasa, chini ya jina la tukio kuna kidoti cha rangi kinachoonyesha unaandika kwenye kalenda ipi. Cha bluu ni changu, cha kijani ni cha familia. Saa tano za usiku, bila miwani (nilikuwa bado naitafuta), rangi hizo ni ndugu wa tumbo moja.

Nikaandika: "Kumpigia mama mkwe. Dakika tano tu." Nikaandika: "Kumdai shemeji. Asinidanganye na habari za gari bovu." Nikaandika: "Dawa ya minyoo." Yote nikayawekea yajirudie kila siku. Minyoo nayo niliijumlisha humo kwa uvivu tu.

Asubuhi barua yangu ikaja: leo huna tukio lolote. Nikashangaa kidogo, nikaendelea kupiga mswaki. Kisha ujumbe wa shemeji: "Gari limepona. Pesa yako Ijumaa." Nikasema, kweli Mungu mkubwa. Nusu saa baadaye, baba mkwe: "Mwanangu, hiyo minyoo ni mingi kiasi cha dawa kila siku?"

Hapo ndipo nilipoiona miwani. Ilikuwa kichwani.

Nikakimbilia kufuta. Kalenda ikauliza: tukio hili tu, hili na yanayofuata, au yote? Mtu mwenye hofu hasomi. Nikabonyeza la kwanza, mara tatu, na zikaruka barua tatu kwa kila mtu ukweni. Fikiria mama wa watu anafungua simu anakuta: "Limefutwa: Kumpigia mama mkwe. Dakika tano tu." Yaani hata hizo tano nimemnyima.

Kesho yake alfajiri matukio yote matatu yakarudi, mazima, kwa sababu nilikuwa nimefuta ya siku moja. Nikafuta tena, safari hii "yote". Barua nyingine tatu.

Ikabidi nipige simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Zimebaki nne."

Nikaomba radhi, akacheka, nikadhani yamekwisha. Usiku uleule, saa tisa kasoro dakika kumi, simu ikalia kando ya mto. Nikapapasa miwani. Arifa: "Mkwe kunipigia. Saa nzima." Kidoti cha kijani. Mama mkwe ameandika 3:00 akiwa na maana ya saa tatu asubuhi, kalenda yenyewe ikaelewa saa tisa za usiku. Inajirudia kila siku.

Mke wangu akanung'unika, "Si uifute tu?"

Niifute vipi, na nikiifuta kila mtu anapata barua?