Majeruhi anayepona siku ya kwanza ya mtoano

Katika sherehe za ubingwa wa Tampa Bay Lightning, timu ya hoki ya barafuni ya Marekani, mwaka 2021, nyota wao Nikita Kucherov alivaa fulana iliyotamba kwamba timu yao ilivuka ukomo wa mishahara kwa dola milioni 18. Maneno hayo hakuyatunga yeye. Wiki chache kabla, Dougie Hamilton wa Carolina Hurricanes, timu yake ikiwa imetolewa na Tampa, alilalamika kuwa wamefungwa na timu iliyozidisha milioni 18. Shutuma ya aliyeshindwa ikawa vazi la aliyeshinda.

Kwa sisi tuliozoea soka, ambako mwenye pesa hununua amtakaye, hasira ya Hamilton inahitaji maelezo. NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, ina ukomo wa mishahara unaozibana timu zote, tajiri na maskini. Uliletwa mwaka 2005, baada ya wamiliki na wachezaji kuvutana hadi msimu mzima wa 2004–05 ukafutwa. Msimu ule wa Kucherov ukomo ulikuwa dola milioni 81.5. Hesabu hufanywa siku kwa siku, na siku ya mwisho ya msimu wa kawaida daftari lilikuwa likifungwa, maana mishahara nayo huishia hapo. Kwenye mtoano wachezaji hugawana fungu la bonasi kutoka ligi. Kwa hiyo kwa miaka ishirini Kombe la Stanley, yaani kombe la ubingwa wa ligi hiyo, liligombewa katika kipindi ambacho ukomo haukuwapo kabisa.

Kanuni ya pili ilitungwa kwa huruma. Mchezaji akiumia kiasi cha kukosa angalau mechi 10 na siku 24, timu inaweza kumweka kwenye orodha ya majeruhi wa muda mrefu na kuruhusiwa kuvuka ukomo ili ipate wa kuziba pengo lake. Akirejea, hesabu lazima irudi mahali pake. Sasa ziunganishe hizo mbili. Nyota anaumia katikati ya msimu, timu inasajili wengine kabla dirisha halijafungwa mwezi Machi, halafu nyota anapona daftari likishafungwa. Timu inaingia kwenye mtoano na nyota wake na waliokuja kumshikia nafasi.

Chicago Blackhawks ndio waliowafungua watu macho. Februari 2015 Patrick Kane alivunjika mtulinga, ikasemekana atakaa nje kama wiki 12. Chicago wakamsajili Antoine Vermette, Kimmo Timonen na Andrew Desjardins. Kane akarejea mapema kuliko ilivyotangazwa, mechi ya kwanza ya mtoano, akamaliza na pointi 23 (mabao na pasi za mabao kwa pamoja) katika mechi 23. Na Vermette, yule wa kuziba pengo, akafunga mabao ya ushindi katika mechi ya kwanza na ya tano za fainali. Aliyefungwa fainali hiyo ni nani? Tampa Bay. Sitashangaa kama somo walilichukulia palepale.

Kisha Kucherov, aliyekaa nje msimu wote wa kawaida wa 2020–21 akarudi mtoano ulipoanza. Baada yake akaja Mark Stone, nahodha wa Vegas Golden Knights, aliyepasuliwa mgongo Januari 2023, akarudi mechi ya kwanza ya mtoano na kufunga mabao matatu usiku wa kutwaa kombe, Vegas 9, Florida 3. Mwaka uliofuata Stone tena, safari hii bandama. Kisha Matthew Tkachuk wa Florida Panthers mwaka 2025. Kucherov, Stone na Tkachuk, kila mmoja mkataba wake ulihesabiwa dola milioni 9.5 kwa mwaka. Hiyo imetokea tu, lakini ukiwa shabiki wa timu iliyotolewa utaapa kuna mkono wa mtu.

Timu hizi zina utetezi, na si wa kupuuzwa. Kwanza, majeraha yalikuwa ya kweli. Kucherov alifanyiwa upasuaji wa nyonga mwishoni mwa Desemba 2020 na akakosa mechi zote 56 za msimu ule uliofupishwa na korona. Stone alikuwa anapasuliwa mgongo kwa mara ya pili katika muda usiofika mwaka. Ligi ilikagua ripoti za madaktari na haikumwadhibu mtu. Pili, timu ingefanyaje? Imepoteza mchezaji wake bora, imeziba pengo kwa njia inayoruhusiwa, kisha mgonjwa kapona. Imkatalie kucheza kwa sababu alipona? Tatu, ujanja huu hauna dhamana ya kombe. Vegas ya 2024, huku Stone akiwa nje, ilisajili Noah Hanifin, Anthony Mantha na Tomas Hertl. Stone akarudi mechi ya kwanza dhidi ya Dallas, akafunga hata dakika mbili hazijatimia, na Vegas wakatolewa raundi hiyohiyo.

Hata ile milioni 18 ya kwenye fulana ina hewa ndani yake. Desemba 2020 Tampa walichukua kutoka Ottawa mikataba ya Marian Gaborik na kipa Anders Nilsson, wachezaji ambao miili yao ilikuwa imeshagoma na ambao hawakuichezea Tampa hata sekunde moja. Mikataba yao ilitakiwa kwa ajili ya hesabu tu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya pesa iliyomuuma Hamilton haikuwa na mtu ndani ya viatu vya barafu. Bila shaka ungemwambia hivyo usiku ule wa kutolewa angekutupia gongo.

Pamoja na hayo nadhani walalamikaji walikuwa na haki, ila walishika pabaya. Walipoteza miaka wakiuliza kama jeraha ni la kweli, wakati swali lilikuwa la tarehe. Mtazame Tkachuk. Aliumia Februari 2025 kwenye mashindano ya mataifa manne, msuli wa paja la ndani ukang'oka kwenye mfupa. Florida wakawaleta Seth Jones na Brad Marchand. Aprili 22 Tkachuk akarudi dhidi ya Tampa na kufunga mabao mawili, na Florida wakabeba kombe. Agosti akapelekwa chumba cha upasuaji, akakosa mwanzo wa msimu uliofuata.

Mtetezi ataniambia: umeona, hakuwa anajificha, alicheza akiwa bado na jeraha. Kweli. Lakini mtu aliyecheza miezi miwili akiwa mbovu hakuwa akingoja kupona, alikuwa akingoja siku inayofaa. Aliyeweza kupigana na Tampa Aprili 22 huenda angeweza kucheza dakika chache Aprili 12. Simlaumu yeye wala daktari. Msuli uliong'oka hauna tarehe ya kupona iliyoandikwa, una wiki mbili tatu za kubahatisha, na katika wiki hizo mhasibu ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho. Tena mazoea ya mchezo wenyewe yanasaidia kuficha. Timu za hoki hutangaza majeraha kwa mafungu mawili, sehemu ya juu ya mwili na sehemu ya chini, basi. Mwaka 2013 Patrice Bergeron wa Boston alicheza mechi ya mwisho ya fainali akiwa na mbavu iliyovunjika, bega lililotoka mahali pake na pafu lililotobolewa, na watu wakayajua yote baada ya kombe kwenda Chicago. Katika mchezo wa usiri wa namna hiyo, nani atakagua tarehe?

Kuanzia msimu wa 2025–26 ligi na chama cha wachezaji wamekubaliana kuacha kuikagua. Sasa hata kwenye mtoano wachezaji 20 wanaovaa jezi usiku husika, 18 wa uwanjani na makipa wawili, lazima waenee chini ya ukomo, ambao msimu huo ni dola milioni 95.5. Hapa naunga mkono bila kusita. Hakuna anayemshuku mgonjwa. Anayetaka kumrudisha wa milioni 9.5 amrudishe, ila aketishe wengine jukwaani. Timu yenye kikosi kipana bado itafaidi kidogo, kwa kubadilisha watu kati ya mechi na mechi, lakini haitawavalisha wote usiku mmoja.

Sehemu ya pili ya makubaliano ndiyo inayonipa wasiwasi. Timu inayotaka nafuu yote, yaani kuvuka ukomo kwa kiasi chote cha mshahara wa majeruhi, sasa lazima itamke kwamba hatacheza tena msimu huo, mtoano ukiwemo. Ikiacha mlango wazi, nafuu inaishia kwenye wastani wa mshahara wa ligi, ambao haufiki nusu ya ule wa nyota. Kwa aliyechanika kano Februari hilo ni jepesi. Mgumu ni Gabriel Landeskog.

Nahodha huyu wa Colorado Avalanche alicheza Juni 26, 2022, usiku walipotwaa kombe, kisha goti likamweka nje karibu miaka mitatu. Alipandikizwa gegedu, akajaribu tena na tena. Aprili 2025 alienda kwanza kucheza mechi mbili na timu ya daraja la chini, Colorado Eagles, na tarehe 23 akaingia uwanjani Denver kwa mechi ya tatu dhidi ya Dallas, watu wamesimama wakiimba jina lake. Mechi iliyofuata akafunga bao. Jiulize: Oktoba iliyotangulia, ni meneja gani angeziachia milioni kadhaa za nafuu kwa ajili ya goti ambalo hata mwenyewe hakuwa na uhakika nalo? Angesaini kwamba Landeskog hatacheza, na goti likipona Aprili, lipone. Ningependelea kanuni ya usiku wa mechi ibaki peke yake, kwani inatosha kuzuia ule ujanja.

Colorado wenyewe walitolewa na Dallas katika mechi ya saba. Aliyewamaliza ni Mikko Rantanen, mabao matatu katika kipindi cha tatu. Alikuwa wa kwao hadi Januari ya mwaka huohuo, akauzwa akiwa mzima wa afya kwa sababu hawakuelewana kuhusu mshahara.