Bomba Linavuja, Mimi Najua Sera ya Uchumi

Jamani, mtu mzima na ndevu zangu, naulizwa na fundi bomba kwenye simu: "Maji yanatoka potapota, chorochoro au jaajaa?" Yaani tone kwa tone, kwa uzi mwembamba, au yanamwagika kwa nguvu. Saa mbili asubuhi, hapa Saitama, Japani, nimekinga sufuria.

Na mimi si wa N5, ile ngazi ya chini kabisa ya mtihani wa Kijapani, eti. Najiandaa na N2, ya pili kutoka juu, mtihani wa Desemba. Kadi za maneno ziko mfukoni, chooni, mpaka mlangoni mwa friji. Niulize "sera", nakupa seisaku. Uchambuzi? Bunseki. Waziri wa Fedha wa Japani akinipigia leo, tutaelewana. Basi nikajikusanya, nikasafisha koo kibalozi: "Kuhusu hali ya maji, kuna mwelekeo wa kuongezeka."

Kimya.

"Samahani sana, mheshimiwa mteja. Ni potapota?"

"Hatua za haraka zinahitajika."

"Chorochoro, labda?"

Nikaona isiwe taabu, nikasogeza simu bombani asikilize mwenyewe. Akasikiliza, bwana! Kwa adabu zote, kama daktari na kifua cha mgonjwa. "Aa, chorochoro desu ne." Akaja saa nane mchana, sufuria zote zimejaa, hadi ya ugali.

Hapo sijagusa neno kikan, ambalo ni muda, ni taasisi, na ni kiungo cha mwili, wewe chagua. Wala hiku, kuvuta tu, maskini, wakaipachika mikia: hikikaesu unarudi ulikotoka, hikiukeru umebeba jukumu, hikitomeru unamzuia mtu asiondoke. Kamba yenyewe huioni!

Kinachoniudhi hasa ni kwamba mtihani huo hauna kuongea. Hata salamu! Unatia penseli viduara. Alama 180, ukipata 90 umepita, lakini sehemu moja ikiangukia chini ya 19, hizo nyingine kapikie chai. Halafu bosi anasema bila cheti hakuna kupanda, ilhali kutwa nzima ananituma mimi nikaongee na wateja! Kwa lugha gani, ya viduara? Nimechoka. Nasema kweli, nimechoka, na ada ya mtihani nishalipa.

Jirani wa chini, bibi wa watu, ananiambia Kijapani changu kizuri mno. Kila nikisema "habari za asubuhi" ananisifu. Halafu ananikagulia mfuko wa taka. Leo ni siku ya chupa au ya makopo? Hebu ngoja, gari hilo linapita.